Folda ya Bamia

Kila asubuhi, kabla hajasema na mtu, Kadii alikifua kitambaa chake cha kufutia lenzi. Kilikuwa kitambaa kidogo cha manjano. Alikifua kwa kipande cha sabuni ya mche ndani ya kopo, nyuma ya studio, akakikamua vizuri, akakitundika kwenye kitasa cha mlango wa chuma ambao jua la Malindi huufikia mapema. Mteja wa kwanza akija, kilikuwa kimeshakauka. Mangi, mwenye studio, hakuchoka kumcheka.

"Kadii, hicho kitaisha kwa kufuliwa kabla hakijafuta kitu."

Kadii alikikunja akakitia mfukoni. Hakuwa mtu wa maneno, na riziki yake ilitokana na huko kunyamaza.

Alikuwa binti wa mzee Kiponda wa Kakuyuni. Shule aliiacha darasa la saba, akashuka mjini kufagia studio ya Mangi karibu na soko. Miaka miwili alifagia huku akitazama: taa inavyowekwa, mtu mweusi tii anavyopigwa picha uso usipotee, Mangi anavyoidonoa kompyuta kwa kidole kimoja huku akiilaani. Kisha kukawa na harusi mtaa wa Shela, siku ya kupamba, na mpigapicha mwanamke aliyeagizwa kutoka Mombasa asitokee. Mangi alisimama katikati ya studio, kamera shingoni, mwanamume mzima na masharubu yake, akijua kwamba mlango ule si wake kuingia. Akamtazama Kadii na ufagio wake.

"Utaweza?"

"Nimekuona ukifanya," Kadii akasema.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisa, na hakuna mama wa Shela aliyemwoza binti bila kumwita Kadii. Siku ya kupamba bibi harusi huketi juu ya jukwaa, nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka viwikoni, na waliomo ndani ni wanawake watupu. Simu zote hukusanywa mlangoni ndani ya kapu, na mama mmoja mwenye mwili wake huketi mbele ya kapu hilo kama askari wa benki. Kamera inayoingia ni moja tu, nayo ni ya Kadii. Hapigi domo, hacheki na mashoga wa bibi harusi, hamwambii huyu alichovaa yule. Akimaliza hula jikoni pamoja na wapishi, akafungiwa biriani ya kwenda nayo nyumbani.

Na sharti lilikuwa moja. Picha zikishasafishwa, zikachapwa, zikatiwa kwenye albamu, mama wa bibi harusi huja studio mwenyewe. Huketi kwenye kiti nyuma ya pazia, na Kadii huzifuta zote mbele ya macho yake. Hufuta, kisha humwaga na lile pipa la taka la kompyuta. Mama akisema alhamdulillahi, hapo ndipo kazi imekwisha. Hakuna aliyeandika sharti hilo popote. Kadii mwenyewe ndiye aliyelianzisha, na jina lake lilisimama juu ya sharti hilo.

Alikuwa na hadhari nyingine ambayo hakumwambia mtu. Wanaume walipita pale studio kutwa, na Mangi naye alipenda kuchungulia kila kitu, kwa hivyo Kadii hakuandika jina la bibi harusi juu ya folda. Aliandika majina ya sokoni. Binti wa Bi Rukiya alikuwa Biringani. Kulikuwa na Kisamvu, kukawa na Mchicha, kukawa na Viazi. Afiya, binti wa Bi Mastura, alikuwa Bamia. Nani atafungua folda ya bamia? Mangi aliuliza mara moja tu.

"Hizi mboga humu ndani ni za nini?"

"Ni kazi zangu," Kadii akasema, na Mangi akaenda zake kunywa chai.

Alhamisi hiyo Mangi aliingia akijipepea kwa gazeti.

"Kompyuta imejaa pomoni. Jana nimeshindwa kuhifadhi hata picha moja ya ubatizo. Hii programu mpya kuna mahali inatafuta picha pacha. Ikizipata, zifute. Kila kitu humu kiko mara mbili, mara tatu."

Programu yenyewe ilikuwa na miezi miwili. Mangi aliinunua kwa mtu wa Mombasa akaisifu kuliko mkewe. Inang'arisha, inaondoa chunusi, inapanga, inachagua. Kadii aliitumia kusafishia, lakini alisafisha kama zamani: anafungua folda yake, anasafisha, anarudisha humo humo. Mengine ambayo programu ilijifanyia yenyewe hakuyajua.

Akabonyeza mahali pale pa picha pacha. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.

Masha, fundi baiskeli wa upande wa pili wa barabara, alikuwa ameketi akingoja picha ya pasipoti. Picha zikaanza kumiminika kwenye skrini mbili mbili, na wa kwanza kutokea alikuwa yeye mwenyewe, kutoka mwaka juzi, amekunja uso.

"Masha," Kadii akasema, "uko humu mara kumi na nne."

"Kumi na nne!" Masha akainuka kutazama. "Hata mama yangu hakunitaka kumi na nne. Bakisha moja, hizo nyingine uwape wanaonidai wakazikamate."

Kadii alitabasamu. Akafuta kumi na tatu. Programu ilikuwa na tabia hiyo: ikiona picha mbili zinazofanana, inakuuliza ufute ipi, na moja lazima ibaki. Wakapita watoto wa ubatizo, mbuzi wa mtu aliyetaka kuuza, mazishi ya mwalimu mmoja wa Rabai. Mbili, mbili, mbili. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Kisha akamwona Afiya.

Nywele zimeachiwa mgongoni. Mabega. Hina imepanda mkononi kama mti wa mkoma uliochorwa na mtu mwenye subira. Anacheka, kwa sababu wakati ule shangazi yake alikuwa amesema jambo la chumbani. Ziko mbili, ile iliyopigwa na ile iliyosafishwa, bega kwa bega.

Kadii alisimama upesi akaifunika skrini kwa kifua chake.

"Masha, njoo baadaye."

"Na pasipoti yangu?"

"Baadaye, tafadhali. Nakuomba."

Masha alimtazama usoni, akaacha mzaha, akatoka. Kadii akavuta pazia. Kwanza alijiambia kwamba ni moja imesahaulika, moja tu. Akasogeza. Afiya ameketi. Afiya amesimama. Afiya anavishwa mkufu na nyanya yake. Mikono ya Afiya. Mgongo wa Afiya. Upande wa chini wa skrini paliandikwa hesabu ya kundi hilo la Afiya: jozi mia nne na kumi na mbili. Hesabu hiyo aliijua. Ndiyo aliyomtajia Bi Mastura siku ile ya kufuta, wiki mbili zilizopita. "Mia nne na kumi na mbili, Bi Mastura, tazama, sasa ni sifuri." Na Bi Mastura, ndani ya buibui lake, akasema alhamdulillahi.

Akaanza kufuta. Anafuta ya kushoto, ya kulia inabaki. Anajaribu kufuta zote mbili, programu inamwuliza kwa upole: ungependa kubakisha ipi? Hakuna kitufe cha kusema hata moja. Alifuta mia nne na kumi na mbili mpaka kidole kikafa ganzi, na mwisho wake alikuwa na mia nne na kumi na mbili. Akatoka kwenye hizo picha pacha, akaingia kwenye maktaba yenyewe ya programu, akazichagua zote za Afiya kwa pamoja, akafuta. Skrini ikawa nyeupe. Akavuta pumzi. Akaiambia programu imtafute Afiya tena ili ahakikishe.

Mstari wa kijani ukatambaa. Picha mia nne na kumi na mbili.

"Mulungu wangu," akasema kwa sauti, peke yake.

Akachungulia chini ya meza. Diski ya Mangi, ile nyeusi anayokwenda nayo nyumbani kila Ijumaa, ilikuwa imechomekwa, kitaa chake cha buluu kikipepesa. Programu ilipoona picha zimekosekana kwenye kompyuta ilidhani zimepotea kwa bahati mbaya, ikaenda kuzichota kwenye diski, ikazirudisha kama mtumishi mwema. Kadii akaushika waya akauchomoa kwa nguvu.

"We! Usivute hivyo, utaiua!" Mangi alikuwa ameingia na kikombe cha chai. "Una nini? Mbona umefunga pazia saa hizi?"

"Kaka Mangi, picha za kina mama zimefikaje kwenye diski yako?"

"Za kina mama gani? Mimi sina picha za kina mama. Zile ni zako."

"Programu ilipowekwa, ilikusanya picha kutoka wapi?"

"Kote. Ndiyo kazi yake." Mangi aliweka kikombe juu ya printa. "Iliniuliza ni folda zipi isiguse. Nikatia alama yale mambo yangu ya benki, na picha za nyumbani kwangu. Nikatafuta na zako, usidhani sikukumbuka. Nilitafuta palipoandikwa harusi, kupamba, jina la mwanamke, chochote. Hapakuwa na kitu. Nikasema basi, Kadii amekwisha kuzifuta."

"Hukuona Bamia?"

"Niliona. Nilidhani ni yale matangazo ya muuza mboga."

Kadii aliuweka ule waya mezani. Zile hadhari zake zote, miaka yote hiyo, kumbe ndizo zilizoifungulia programu mlango. Angeandika tu *Harusi, usiguse*, Mangi angetia alama, yakaisha. Alikuwa ameificha picha vizuri mno hata yule aliyetaka kuilinda hakuiona.

"Funga mlango wa mbele," akamwambia Mangi. Katika miaka tisa hakuwahi kumwamuru kitu. Mangi akafunga.

Akarudi kwenye kompyuta. Sasa diski ilikuwa nje. Alifungua picha moja, ile ya Afiya anacheka, ili aone imeandikwa nini. Chini yake palikuwa na nyota tano, maana programu huchagua yenyewe zilizo bora, na chini ya nyota palikuwa na maneno ambayo Mangi aliyaandika mwenyewe: *Onyesho la Kilifi*.

"Hii ni nini?"

Mangi alisogea. Alipoiona picha hakushtuka. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na anayemjua, na lile tabasamu ndilo lililomwua Kadii.

"Ah, huyo. Huyo yuko kwenye skrini ya dirishani kule duka letu la pili, Kilifi. Programu ilichagua ishirini zilizo bora, nikatia kwenye flashi nikampelekea Bridgit. Si ni yule modeli wa hoteli, wa yale maonyesho ya nguo?"

"Huyo ni Afiya."

"Afiya yupi?"

"Wa Bi Mastura."

Mangi akageuza macho pembeni. Akarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye skrini, amechelewa wiki mbili.

Kadii alikuwa ameshapiga simu. Bridgit ndiye aliyekuwa akiendesha duka la Kilifi, msichana mchangamfu anayependa kazi yake.

"Dada Kadii! Leo jua limechomoza wapi hata umenikumbuka?"

"Bridgit, skrini ya dirishani inaonyesha nini?"

"Inaonyesha picha. Sasa hivi keki. Sasa mtoto. Sasa yule bibi harusi wa hina. Jamani yule! Watu wanasimama hapa mpaka bodaboda wanagombana na wenye magari. Jana mama mmoja ameniuliza kama ni mtu kweli ama ameundwa na kompyuta."

"Zima."

"Ati?"

"Izime skrini. Chomoa."

"Mangi alisema isizimwe mpaka saa za kufunga, hata..."

"Bridgit, nakuomba. Nakuomba kama mdogo wangu wa tumbo moja. Chomoa sasa hivi, nisikie."

Kitu kikalia kwa mbali.

"Haya, imezima. Kuna nini? Unanitisha."

"Imekaa siku ngapi?"

"Wiki mbili, tangu flashi ilipokuja."

"Umechapa yoyote?"

"Moja tu. Ile kubwa, ya kutundika ukutani, watu waone fremu. Na ile niliyoweka stetasi."

Kadii alilishikilia sikio lake la pili kana kwamba kuna kelele, na studio ilikuwa kimya.

"Stetasi gani, Bridgit?"

"Kwenye simu ya duka, dada, ya matangazo. Ilionwa na watu mia mbili na thelathini, haijapata kutokea. Lakini usihofu, ilishaondoka. Zile huondoka zenyewe baada ya siku."

"Na walioichukua?"

"Walioichukua vipi?"

"Walioihifadhi kwenye simu zao. Waliowapelekea wenzao."

"Sasa hao," Bridgit akasema, na uchangamfu ukamwisha sautini, "hao mimi nitawajuaje?"

Kadii alimwambia achane ile ya ukutani vipande vidogo. Asiitupe hivyo hivyo, wala asiwape watoto. Achane, achome, kisha aivunje flashi. Bridgit alisema ndiyo kwa kila jambo. Alipokata simu, Kadii alizifuta tena picha za Afiya kwenye kompyuta, akafuta kwenye pipa, akaichomeka diski kwenye kompyuta ndogo ya Mangi na kufuta humo. Kisha akatafuta tena, na mara hii skrini ikabaki tupu. Lakini hakuiamini. Ilikuwa tupu hivyo hivyo siku ile mbele ya Bi Mastura.

"Basi, imekwisha," Mangi akasema. Alikuwa ameketi juu ya kiti cha wateja wa pasipoti, mikono magotini. "Imekwisha, Kadii. Tunyamaze. Kilifi ni mbali. Nani wa Shela anakwenda kusimama mbele ya dirisha la Kilifi?"

"Mansur anafanya kazi Kilifi."

"Mansur ndiye nani?"

"Mumewe."

Mangi akajipangusa uso wote kwa kiganja.

"Angekuwa ameiona, tungekuwa tumeshasikia. Sikiliza. Ukifungua mdomo hujajiharibia wewe peke yako. Ni studio hii, ni Bridgit, ni mimi nina watoto. Wewe si ndiye hujui kusema? Basi leo usiseme. Ni hilo tu ninalokuomba."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Mangi alitazama kupitia upenyo, kisha akamgeukia Kadii.

"Ni yeye."

Bi Mastura aliingia na harufu ya udi, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kutembea taratibu, na siku hiyo alikuwa na furaha.

"Hodi wenyewe! Mbona mmejifungia kama wezi?"

"Shikamoo, Bi Mastura," Kadii akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea vibibi. Nimevipika mwenyewe, si wale wasichana." Akaiweka sahani mezani, akapita mwenyewe nyuma ya pazia, akaketi kwenye kile kiti kama mtu aliye kwake. "Nimekuja kukushika kabla hawajakushika wengine. Dada yangu wa Mambrui anaoza mwezi wa mfungo sita. Wamemtajia mpigapicha mwingine, nikawaambia hapana. Huyu wetu ni kaburi. Jambo likiingia kwa Kadii limezikwa."

"Atakuja, Bi Mastura," Mangi akadakia kutoka upande wa pili wa pazia. "Tutaandika tarehe. Kadii, andika tarehe."

Kadii hakushika kalamu.

"Afiya hajambo?" akauliza. Hakujua kwa nini aliuliza hilo.

"Hajambo, anafunga mizigo. Kesho Ijumaa anahamia kwa mumewe Kilifi. Mansur amepata nyumba karibu na ofisi yao, anasema kila kitu kiko pale pale, soko, msikiti, maduka. Atakuwa akitembea tu."

Pazia lilitikisika kidogo. Mangi alikuwa amelishika.

"Bi Mastura," Kadii akasema, "siku ile nilikwambia sifuri. Haikuwa sifuri."

"Siku ile ipi?"

"Ya kufuta."

Bi Mastura aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu anayengoja sehemu ya mwisho ya mzaha.

"Nilikaa kiti hiki hiki. Nikaona kwa macho yangu."

"Uliona folda. Picha zilikuwa zimenakiliwa mahali pengine na mimi sikujua. Wallahi sikujua. Nimeziona leo."

"Nani mwingine ameziona?"

Kadii alimwambia. Hakupamba wala hakupunguza. Alisema diski, akasema dirisha la Kilifi, wiki mbili, akasema fremu ya ukutani, akasema simu ya duka na watu mia mbili na thelathini. Kila alipotaja kimoja Bi Mastura alivuta ukingo wa buibui lake mbele zaidi, polepole, ingawa ni yeye aliyekuwa amefunikwa na si yeye aliyekuwa akizungumziwa.

"Mangi," akaita.

"Naam, Bi Mastura."

"Njoo nikuone."

Mangi alitokea pembeni ya pazia, macho chini.

"Bi Mastura, mimi nakuhakikishia, hakuna hata moja iliyobaki. Nimesimama hapa nikaona zikifutwa."

"Hilo sikukuuliza. Wewe umemwona mwanangu?"

Mangi akalishika tena lile pazia.

"Umemwona nywele zake?"

"Nilidhani... Nilidhani ni modeli wa hoteli."

Bi Mastura alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyejichoma sindano. Hakulia. Alimgeukia Kadii, na Kadii aliona kwamba yule mama alikuwa bado anamtegemea, bado anamtazama yeye kama ndiye mwenye kuweza kulitengeneza, na hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

"Kadii, nisikilize. Yaliyopita yamepita, Mungu ndiye ajuaye. Wewe niambie moja tu, nirudi nyumbani nikiwa na hilo. Niapie kwamba mwanangu akifika Kilifi hatakutana na picha yake popote. Si kwenye ukuta, si kwenye simu ya mtu. Ukiniapia wewe nitaamini. Hata kwa Mansur sitasema kitu. Niapie, yaishe."

Mangi alikuwa akimtazama Kadii kwa macho ya kuomba. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Kadii alilitafuta. Alifikiria zile simu mia mbili na thelathini, mikononi, mifukoni, chini ya mito, kwenye vibanda na mabweni, na nani amempelekea nani. Angeweza kugonga mlango wa kila mmoja mpaka afe na asimalize.

"Siwezi," akasema.

"Niapie tu."

"Siwezi, Bi Mastura. Sijui."

Bi Mastura aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, taratibu kabisa, jambo ambalo Kadii tangu asubuhi hakulifikiria, kwa sababu kichwa chake chote kilikuwa kimejaa Afiya.

"Hii programu ina muda gani hapa?"

"Miezi miwili."

"Na binti wa Bi Rukiya aliolewa lini?"

Kadii aligeuka kwenye kompyuta. Hakutafuta kwa jina. Alirudisha tarehe nyuma, wiki moja, wiki mbili, wiki tano. Akaona ukingo wa jukwaa, maua ya waridi, bega. Hakusogeza zaidi. Biringani alikuwemo. Kisamvu, Mchicha na Viazi wasingekosa. Akaigeuza skrini ikatazama ukuta.

"Wamo?" Bi Mastura akauliza.

"Wamo."

"Mama zao wanajua?"

"Hawajui."

"Hii tutaimaliza hapa hapa!" Mangi akasema, akipaza sauti. "Nitaivunja kompyuta! Nitaitia maji, mbele yenu!" Na kweli akaishika kwa mikono miwili, lakini hakuiinua.

Kadii alisimama. Aliivua kamera shingoni akaiweka mezani kando ya ile sahani. Akaziweka na funguo za kabati, na ile simu ya studio. Akajifunga leso yake kiunoni kwa nguvu, kama wanawake wanavyojifunga wakienda msibani.

"Unakwenda wapi?" Mangi akauliza.

"Kwa Bi Rukiya kwanza. Halafu kwa wale wengine watatu."

"Kadii. Kadii, watakuua kwa maneno. Keti kwanza. Tufikirie."

"Wakiambiwa na dirisha itakuwa nini?"

Alimpitia Bi Mastura, akasimama mbele yake, akataka kumwinamia mkono kama alivyozoea. Bi Mastura hakuutoa, wala hakuuficha. Mkono ulibaki pajani, ndani ya kitambaa cheusi. Kadii akangoja kidogo, kisha akafungua mlango.

Nje jua lilikuwa kali. Masha, upande wa pili wa barabara, aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu lililopinduliwa.

"Dada Kadii, nije sasa? Pasipoti yangu?"

Hakumsikia, au alisikia. Alishika njia ya Shela kando ya ukuta, palipokuwa na kivuli chembamba, akitembea kama mtu anayehesabu milango. Mangi alitoka mpaka kizingitini akamwita mara mbili, mara ya pili kwa jina la baba yake. Kadii hakugeuka. Alipinda kwenye uchochoro wa kwanza.

Mangi aliacha mlango wazi mpaka adhuhuri, kisha mpaka alasiri. Kila kivuli kilichopita kizingitini alikiinulia kichwa. Siku hiyo Kadii hakurudi, wala kesho yake, na mwezi ulipokwisha Mangi, ambaye hakuwa ameigusa kamera tangu siku ile, alimwambia Masha akapigie picha yake kwingine.